Maswali ya Wasomaji: Homoni, piriodi na damu inayoliwa na kinga ya mwili

Toleo lililopita tuliweka barua ya binti wa Mafiati aliyeota michubuko miguuni bila kuanguka wala kupigwa, hospitali wakamwambia kinga yake ya mwili inakula chembe sahani za damu. Tulimjibu kwa mistari michache, na tangu hapo meseji hazikatiki, kuanzia Tunduma mpaka Iringa, na nyingi zinauliza kitu hichohicho kwa njia tofauti: homoni zinahusikaje hapo? Basi leo safu nzima ni hiyo. Majina tumeyaficha kama kawaida.

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 31 nauza viazi hapa Uyole. Mwezi wa tatu nilianza kuona vidoti vyekundu miguuni, nikajua ni mbu lakini haviwashi, nikipiga mswaki fizi zinatoa damu, alafu piriodi ikaja ikagoma kukata, nabadilisha pedi kila saa mpaka nikadondoka gengeni. Kupimwa FBP (kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu) pleteleti, yaani hizo chembe sahani, zipo 14,000. Ukimwi, homa ya ini, malaria wamepima hakuna. Wakasema kinga inashambulia chembe zangu wakanipa prednisoloni ya kuituliza kinga, saivi zimepanda 88,000 ila uso umejaa mpaka macho yamekuwa madogo, majirani wengine wanasema nimerogwa wengine wanasema nina mimba naificha. Swali langu, mbona kila nikikaribia siku zangu vidoti vinarudi? Au homoni ndo zinanila damu? Na nikitolewa kizazi si nitapona moja kwa moja? – Mama J., Uyole

JIBU: Marahaba Mama J., pole sana, na hongera maana kutoka 14,000 mpaka 88,000 ni hatua kubwa. Mtu mzima anatakiwa awe na 150,000 hadi 450,000. Ukiwa juu ya 30,000 na hutoki damu mara nyingi madaktari wanakuangalia tu bila haraka, ila chini ya 20,000 ndo tunaanza kukosa usingizi kwa sababu damu inaweza kuvuja hata kwenye ubongo.

Kwanza tuelewane kinachotokea. Kingamwili, zile protini ambazo kazi yake ni kubandika alama kwenye vijidudu ili viuawe, kwako zinabandika alama kwenye pleteleti zako mwenyewe. Damu ikipita kwenye bandama, bandama inafanya kama mizani ya Makambako, kila iliyo na alama inavutwa pembeni na haiendelei na safari. Pleteleti ya kawaida inaishi siku saba mpaka kumi, yako inaweza isimalize hata siku moja. Na hili halikubuniwa vitabuni: mwaka 1950 daktari mmoja kijana huko St. Louis Marekani, William Harrington, alijiwekea damu ya mgonjwa mwenye tatizo kama lako, ndani ya masaa pleteleti zake zikaporomoka karibu ziishe kabisa, akapata degedege na vidoti mwili mzima, siku chache baadae zikarudi. Hapo ndo dunia ikaamini kwamba kuna kitu kwenye damu ya mgonjwa kinachoua chembe. Kwa hiyo majirani wa uchawi waambie hivyo.

Sasa homoni. Estrojeni, homoni kubwa ya kike, inazichangamsha seli zinazotengeneza kingamwili. Testosteroni ya kiume kwa ujumla inazipoza. Projesteroni ipo katikati, mara nyingi inatuliza. Ndo maana magonjwa haya ya kinga kujishambulia yanawapata zaidi wanawake, na ugonjwa wako ukiangalia umri unaona kabisa: watoto wa kike na wa kiume wanaugua karibu sawa, kwa watu wazima kuanzia ishirini na kitu mpaka hamsini hivi wanawake wanazidi, alafu baada ya miaka 60, hedhi ikishakatika, wanaume wanawafikia na hata kuwapita. Ila homoni sio sababu pekee. Kromosomu ya X, ambayo wanawake wanazo mbili, imebeba jeni kadhaa za kinga, na virusi navyo huwa vinawasha moto. Homoni zinaongeza au kupunguza tu, hazianzishi zenyewe.

Kwa hiyo vidoti kurudi ukikaribia siku zako hujaota. Homoni zinapanda na kushuka ndani ya mwezi na kinga inafuata kidogo. Lakini kumwaga damu vile kwenye hedhi sababu yake kubwa ni moja tu, pleteleti zilikuwa chache za kuziba mishipa ya kizazi pale ukuta wake unapobanduka. Ndo maana kutoa kizazi hakutibu, kinga yako itaendelea kula pleteleti kama kawaida, na juu yake utakuwa umefanyiwa upasuaji mkubwa ukiwa na damu isiyoganda vizuri. Mtu akikushauri hivyo mwambie akupe rufaa kwanza.

Kinachosaidia ni kingine. Kuna vidonge vya traneksamiki vinavyopunguza damu ya hedhi, daktari akikuandikia unameza zile siku za damu tu. Omba upimwe na madini ya chuma maana kwa damu uliyomwaga sidhani kama imebaki, na mnywaji wa chai ya rangi na chakula asitegemee kidonge cha chuma kifanye kazi vizuri, chai isogeze mbele. Ukiumwa kichwa au mgongo meza paracetamol basi. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni achana nazo kabisa, na hapa nasema kwa herufi kubwa kwa sababu sindano ya diklofenaki kwenye maduka ya dawa inachomwa kama salamu: zinazizima hata hizo pleteleti chache ulizonazo, na sindano ya kwenye msuli inaacha bonge la damu. Na ukienda kliniki usione aibu kumwambia daktari pedi ngapi kwa siku na kama yanatoka mabonge. Wanawake wengi wanasema tu "piriodi ipo kawaida" alafu daktari anaangalia karatasi ya FBP peke yake. Kuhusu uso, soma jibu la ndugu wa Makambako huko chini.

SWALI: Dokta mambo vipi, mi ni mwanaume 27 nafanya kazi ya mbao Mafinga. Nimeambiwa nina huo ugonjwa wa chembe kuliwa, washkaji wananitania nina ugonjwa wa kike. Je ni kweli homoni zangu hazipo sawa? Na kama testosteroni inapoza kinga si wanidunge hiyo? Dawa nikipunguza tu zinashuka, sasa wanataka kunitoa bandama. – Mtu wa Mbao

JIBU: Poa kaka. Sio ugonjwa wa kike, wanaume wanaugua vizuri tu, na hakuna haja ya kupimwa homoni za kiume kama nguvu zako na mambo mengine yapo sawa. Ila wazo lako sio la kijinga. Kuna dawa inaitwa danazoli, homoni ya kiume iliyo dhaifu, tangu miaka ya 1980 inatumika kwa baadhi ya wagonjwa kama wewe, inazifanya zile seli za kwenye bandama zisizidake pleteleti kwa pupa. Inachukua miezi kufanya kazi, inaweza kusumbua ini, na mwanamke akiitumia anaweza kuota ndevu na sauti ikawa nzito, mjamzito ndo haruhusiwi kabisa. Testosteroni za kudunga za mtaani za watu wa jimu hizo sahau.

Alafu kuna homoni nyingine ambayo watu hawaijui, haihusiani na uume wala uke. Ini lako linatoa homoni inaitwa trombopoetini, inaenda kwenye uboho wa ndani ya mifupa kuuamuru utengeneze pleteleti. Ungetegemea mtu mwenye pleteleti 10,000 awe nayo nyingi sana, kumbe kwenye ugonjwa huu inabaki karibu na kawaida, maana inabebwa na kuondoka pamoja na pleteleti zinazouawa. Wanasayansi waliipata mwaka 1994, na 2008 Marekani ikaruhusu dawa mbili zinazoiga kazi yake, romiplostimu ya sindano na eltrombopagi ya vidonge. Zinafanya kazi, tatizo bei, na sio kila hospitali inazo. Uliza hospitali ya rufaa na uliza bima yako.

Bandama: kwa wagonjwa kama wawili kati ya watatu pleteleti zinapanda vizuri baada ya kuitoa. Lakini mwaka wa kwanza wa ugonjwa madaktari wengi wanasubiri, kuna watu zinapanda zenyewe. Ukikubali, chanjo za nimonia na homa ya uti wa mgongo uchomwe kabla ya upasuaji, sio baada, na baada ya hapo homa yoyote ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo, malaria kwa mtu asiye na bandama haina utani. Na kwa msumeno unaoshika kila siku, ongea na bosi akuweke kwenye kupanga mbao mpaka uvuke 50,000.

SWALI: Shikamoo Dokta. Nina mimba ya miezi minne, mimba ya pili, naishi Tukuyu. Kliniki wamekuta pleteleti 62,000, nesi akashtuka akaniandikia rufaa. Mama mkwe anasema nisiende, kwamba wajawazito wote damu hupungua nile ndizi na maharage nitulie. Naogopa mtoto atazaliwa na huu ugonjwa, na naogopa dawa. – Mama Kijacho

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda rufaa, na mama mkwe umwambie kwa heshima kwamba ana ukweli nusu. Ujauzito kweli unashusha pleteleti kidogo, maji ya damu yanaongezeka na chembe zinaonekana chache, na kuna wajawazito kama watano mpaka kumi kwenye mia zinawashuka chini ya kawaida bila ugonjwa wowote. Lakini hiyo inakujaga miezi ya mwisho na mara nyingi haishuki hivyo. Wewe upo miezi minne na una 62,000, inabidi waangalie vizuri.

Watakupima malaria kwanza, maana malaria nayo inashusha pleteleti, na kama umetoka kusalimia Kyela hivi karibuni sema. Watapima ukimwi, homa ya ini na presha. Presha ya mimba ndo tunayoiogopa kuliko yote huko mbeleni: ukipata kichwa kikali, kuona nyotanyota, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, usilale nyumbani ukisubiri asubuhi.

Ikibaki kwamba ni kinga, hapo homoni zinaingia tena. Kwenye mimba estrojeni na projesteroni zinapanda kuliko wakati mwingine wowote wa maisha, na kinga inahama kutoka kwenye kupigana kwa seli kwenda kwenye kutengeneza kingamwili. Ndo maana magonjwa ya viungo kama baridi yabisi mara nyingi yanapoa mama akiwa mjamzito, wakati haya ya kingamwili za damu yanaweza kuchachamaa, au ndo yanaonekana kwa mara ya kwanza. Wewe ulikuwa nayo labda muda, kliniki ya mimba ndo imekupima.

Dawa ya kwanza ni prednisoloni ileile, na kondo la nyuma linaizima sehemu kubwa kabla haijamfikia mtoto, kwa hiyo usiogope. Na kwa 62,000 bila kutoka damu huenda wasikupe chochote kwa sasa, wakupime tu mara kwa mara. Wanachotaka ni ufike uchungu ukiwa juu ya 50,000, na kama utahitaji sindano ya ganzi ya mgongoni wanataka iwe juu ya 70,000 hivi. Ugonjwa wenyewe sio sababu ya kupasuliwa, unaweza kujifungua kawaida.

Mtoto harithi ugonjwa, ila kingamwili zako zinapita kondo la nyuma, na kama mmoja kati ya watoto kumi wa akina mama hawa anazaliwa na pleteleti chini ya 50,000. Zake zinashuka zaidi siku ya pili mpaka ya tano baada ya kuzaliwa, kwa hiyo hata mkiwa mmechoka na wageni wanawasubiri nyumbani, msitoroke wodini kabla hajapimwa. Kingamwili zako zikiisha mwilini mwake, wiki chache, anakuwa sawa. Jifungulie sehemu yenye damu ya akiba na daktari wa watoto. Kwa upande wa Mbeya wengi wanapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kitengo cha wazazi Meta. Wakunga wajue mapema, ili wasimvute mtoto kwa vifaa kichwani.

SWALI: Habari Dokta, mke wangu alikuwa anameza prednisoloni vidonge 12 kwa siku kwa ajili ya damu, miezi miwili. Akavimba uso, akanenepa tumbo, hedhi ikavurugika, analia kila saa. Wiki iliyopita ametoka kwenye maombi ameambiwa amepona akatupa dawa zote. Saivi anatapika, hana nguvu hata ya kusimama. Ni dawa zinatoka mwilini au? – Baba Wawili, Makambako

JIBU: Ndugu yangu, kama unasoma hii na bado yupo hivyo, acha gazeti, mpeleke hospitali sasa hivi, beba na boksi la dawa uwaambie kaacha ghafla. Sio dawa zinatoka. Ni homoni imekatika.

Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli, homoni inayotoka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Kotisoli ndo inashikilia presha, sukari na nguvu ya mwili, na ndo inayoiambia kinga "tulia". Mwili wenyewe kwa siku unatengeneza kiasi kinacholingana na kidonge kimoja hivi cha miligramu 5. Mke wako alikuwa anapewa kumi na mbili. Tezi zikiona homoni imejaa hivyo zinalala, na zikilala miezi miwili haziamki kwa siku moja. Ukitupa dawa zote kwa mkupuo mwili unabaki bila kotisoli kabisa, ndo hiyo kutapika na kulegea, presha inashuka, mtu anaweza kufa. Ndo maana inapunguzwa taratibu, kwa wiki kadhaa, kwa ratiba ya daktari. Waombee wagonjwa, sina ugomvi na maombi, ila aombewe huku anapunguziwa dawa na FBP inapimwa.

Historia yake inapendeza ujue. Daktari Philip Hench wa Marekani aliona wagonjwa wake wa baridi yabisi wanapata nafuu wakishika mimba, akahisi kuna kitu cha aina ya homoni mwilini kinachofanya hivyo. Mwaka 1948 mgonjwa wa kwanza akadungwa kotisoni, 1950 yeye na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa tuzo ya Nobel. Dawa nzima imetokana na kuchunguza homoni.

Hiyo ya uso kujaa, tumbo, chunusi, hasira, kulia na hedhi kuvurugika ni kotisoli kuzidi, na inaondoka dozi ikishuka, inachukua miezi. Akirudishiwa dawa ameze asubuhi baada ya kula, ndo saa ambayo mwili wenyewe hutoa kotisoli nyingi, usiku itamnyima usingizi. Apimwe sukari na presha. Apunguze chumvi. Apewe dawa ya minyoo, maana kuna minyoo ya udongoni inaamka vibaya kinga ikilazwa, na kikohozi cha wiki mbili apimwe TB. Kwa dozi ile kubwa haitakiwi mtu akae miezi na miezi, ikizidi wiki sita mpaka nane bila kupunguzwa uliza mpango wa pili ni upi. Na kitu kingine, muulize kwa upole kama anatumia mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli, nayo ni steroidi kali, jamii moja na prednisoloni, inapenya kwenye ngozi na kuzilaza tezi zilezile.

SWALI: Mi nipo Njombe, nina lupasi (ule ugonjwa wa kinga kushambulia mwili wenyewe) na pleteleti chache, nataka uzazi wa mpango. Dada wa dukani anasema vidonge, wifi anasema sindano, kila mtu na lake. – Binti wa Njombe

JIBU: Usinunue dukani hiyo. Kwako swali la kwanza ni kama una kingamwili za fosfolipidi, zinazofanya damu igande hovyo, na wenye lupasi wengi wanazo. Ukiwa nazo, au kama hujapimwa, vidonge vyenye estrojeni ni marufuku, vinaweza kukupa damu kuganda kwenye mguu, mapafu au ubongo. Inashangaza watu, kwamba mtu mwenye pleteleti chache anaweza pia kugandisha damu, lakini ndivyo ilivyo.

Sindano ya miezi mitatu, kama pleteleti zipo chini sana usianze nayo, inaweza kuleta damu ya kutokatika na ukishachomwa hakuna kuitoa. Kitanzi cha shaba kinaongeza hedhi. Vijiti vya mkononi vinafaa zaidi kwa sababu vikisumbua vinatolewa, ila waweke pleteleti zikiwa zimepanda. Kitanzi chenye homoni kikipatikana ndo bora, kinapunguza damu ya hedhi sana. Na usiache kabisa kupanga, kuna dawa za lupasi zinaharibu mimba.

SWALI: Kamwene Dokta. Baba yangu 66 yupo Ilula, wamesema kinga inavunja damu nyekundu. Macho ya njano, mkojo mweusi. Tunampa rozera na bitiruti kila siku damu haipandi. Benki ya damu nao kila wakipima wanasema damu haikubali. – Mtoto wa Ilula

JIBU: Kamwene. Rozera ni juisi nzuri, mpeni akiipenda, ila tatizo la baba sio malighafi, damu inatengenezwa kisha inavunjwa. Chembe nyekundu inaishi siku kama 120, yake labda wiki. Figo zinaona hewa haitoshi, zinatoa homoni ya erithropoetini, uboho unakimbia kutengeneza lakini haufikii kasi ya uvunjaji. Dawa ni kuituliza kinga, prednisoloni tena, pamoja na foliki asidi maana uboho unaokimbia hivyo unaimaliza haraka. Damu "haikubali" kwa sababu kingamwili zake zinang'ang'ania karibu kila damu inayopimwa nayo, sio kwamba ana kundi la ajabu. Akizidiwa, madaktari wanachagua inayopatana zaidi na kumuongezea polepole wakimwangalia. Kwa umri wake wamchunguze pia kama ana saratani ya tezi za limfu.

SWALI: Mama yangu alikuwa na goita kubwa, mimi nina pleteleti chache na moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, nakonda. Vinahusiana? – M., Mbozi

JIBU: Goita ya mama inawezekana ilikuwa ya kukosa madini joto, nyanda zetu hizi zilisifika kwa hiyo kabla chumvi haijaanza kuwekewa madini. Yako inaonekana nyingine. Tezi ya shingo nayo hushambuliwa na kinga, na mtu mwenye ugonjwa mmoja wa hivi huwa na nafasi kubwa ya kupata wa pili. Homoni ya tezi ikizidi inafupisha maisha ya pleteleti na kumfanya mtu awe hivyohivyo ulivyojieleza, na kuna wagonjwa pleteleti zinapanda tezi ikitibiwa tu. Omba kipimo cha TSH kinachoonyesha tezi ya shingo inafanyaje kazi, cha damu tu hakina maumivu, na uwaambie wazi kwamba unakonda na moyo unaenda mbio, usitaje pleteleti peke yake.